Jina la Kizungu la Mtua-Mtungi

Kibao kimepakwa rangi ya kijani, maandishi yake meupe, kimesimamishwa pale barabara ya vumbi inapoiacha lami na kuteremka ziwani. Nilikiona dirishani, ndani ya gari la semina, nikiwa nasinzia, na usingizi wote ukaniruka. Pot Down Peak Lodge. Nikamwambia dereva asimame. Dereva, kijana mwenye adabu zake, alidhani mama wa watu kabanwa na haja, akaegesha karibu na kichaka na kuangalia kando. Nikashuka, nikakisogelea kibao, nikayapitia yale maneno matatu ya mwanzo kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, mtu mzima mimi mwenye wajukuu wawili.

Wewe ungepita tu. Ungesema ni jina la hoteli kama mengine, wenye hela wamependa Kizungu. Na hata mapokezi walinipa kijikaratasi cha wageni kinachoeleza kwamba kilele kile cha mawe nyuma ya hoteli kilipewa jina hilo na wasafiri wa Kizungu wa zamani, walipoona jiwe la juu limekaa kama chungu. Nikacheka peke yangu mpaka binti wa mapokezi akaniuliza, "Mama, uko salama?" Wasafiri wa zamani, eti! Jina lile nililitunga mimi, nikiwa darasa la sita, kwa penseli niliyoitafuna mpaka ikabaki urefu wa kidole gumba. Kaa basi nikusimulie, maana jambo hili limenikaa kooni miaka yote na sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Nyumba ya Bibi, mama yake mama, ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kilipo kibao hicho, upande huu wa ghuba, Sengerema ikiwa ng'ambo. Bibi alizaliwa kisiwani Ukerewe akaolewa huku, na mpaka uzeeni alipotaja "kwetu" alinyoosha kidevu upande wa Nansio, ingawa alikuwa haendi tena ila kwenye misiba. Nililelewa naye kwa sababu mama alikuwa akiuza vitenge Mkuyuni, mjini Mwanza, na chumba alichopanga hakikututosha sisi wawili pamoja na mzigo wake. Sikuona shida. Ugali wetu ulikuwa wa muhogo, mzito, unavutika. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikaanikwa juani, Bibi anavichemsha na karanga mpaka nyumba nzima inanukia. Na samaki, jamani, samaki! Sato wa kuchemshwa kwa nyanya na ndimu, mchuzi unaounywa kwenye kikombe kama chai. Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba, na hadi leo nikikamua ndimu huwa nakagua kucha zangu kama kuna gamba limebaki.

Mlangoni kwa Bibi ukitazama juu ulikiona kilele. Mwanza imejaa mawe yaliyopandana, hilo unalijua, lakini hili letu lilikuwa na umbo lake. Jiwe moja refu limesimama, mabega yameshuka, na kichwani pake jiwe la duara. Mwanamke na mtungi wa maji. Kijiji kizima kilikiita Mtungi, basi. Watoto tuliambiwa ni mama anayetoka kuchota maji na hajafika kwake, na tukichelewa kurudi tulipotumwa mtoni tulitishwa kwamba tutaganda kama yeye.

Nyumbani kwetu kilikuwa na jina jingine. Bibi alikiita Mtua-Mtungi, na alikuwa akilitaja kwa sauti ya chini hata tukiwa wawili tu jikoni. Babu alimwachia jina hilo pamoja na mtumbwi. Ukiwa nchi kavu, popote kijijini utakaposimama, mama yule hautui mtungi wake. Anautua ukiwa ziwani tu, na mahali pamoja tu. Ukweli ni kwamba yale si mawe mawili yaliyopandana. Lile la duara liko mbali, kwenye mgongo wa kilima cha nyuma, na macho ndiyo yanayolipandisha kichwani. Ukipiga kasia kuelekea nje ya ghuba, jiwe la duara linaanza kusogea, linateleza polepole, mpaka linashuka begani na kukaa chini ubavuni. Katua. Hapo unatazama mkono wa kushoto, kwenye lile jiwe jeupe la mavi ya mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki. Likiwa ndiyo kwanza limejificha nyuma ya pua ya rasi, basi chini yako kuna mwamba uliozama, na kwenye mwamba huo ndiko sato walikokuwa wakikaa na kutagia. Shusha nanga yako hapo. Ukikosea kwa urefu wa mitumbwi miwili, nanga inaingia kwenye matope na hupati hata mkia.

Sasa sikiliza walivyokuwa wakifanya, maana hili sijaliona kwingine. Ndani ya mtumbwi, mpiga kasia alikuwa ameelekea ziwani na hakuruhusiwa kugeuka. Marufuku kabisa. Aliyekaa mbele, kwenye kichwa cha mtumbwi, ndiye aliyeelekea ufuoni, wakatazamana na mpiga kasia uso kwa uso. Huyo aliitwa mwonaji. Kazi yake ilikuwa kutazama kilele, na ikifika wakati anasema neno moja, "Katua," na nanga inashushwa. Kwa hiyo unaweza kupiga kasia miaka kumi kwenye mtumbwi wa watu usijue mahali penyewe panapatikanaje. Babu alikuwa mwonaji. Alipofariki akawa Bibi, na wanaume wa ufuoni walinung'unika sana kwamba mwanamke anatia mkosi nyavu. Bibi akawaambia wakimtaka atoke ziwani waje wamlishie mjukuu wake. Hakuja mtu.

Mpiga kasia wetu alikuwa mjomba, mwanawe wa kumzaa, na hata yeye hakugeuka. Bibi alimpenda lakini alimjua. Mjomba akishapiga vikombe viwili vya pombe kilabuni alikuwa anasimulia mpaka ndoto zake. "Huyu tumbo lake halina kifuniko," Bibi alisema, mbele yake, naye akicheka tu.

Tatizo likawa macho. Nilipofika kama darasa la nne, macho ya Bibi yalianza kuingia ukungu, kwanza la kulia, halafu la kushoto. Akawa anaweza kuona kilima, haoni jiwe. Siku moja ya Jumamosi akaniamsha alfajiri, akanifunga kanga shingoni, akanipakata kwenye kichwa cha mtumbwi, tukaelekea ufuoni wote wawili, kidevu chake juu ya utosi wangu. "Tazama mtungi," akaninong'oneza. "Ukitua, nifinye." Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Ulipotua nikamfinya paja, naye akatamka kwa sauti ya mtu aliyejionea mwenyewe, "Katua!" Mjomba akashusha nanga ya jiwe. Siku ile tulirudi na sato hata pa kuweka miguu hakuna.

Nikawa macho ya Bibi kila Jumamosi na kila likizo. Watu wa ufuoni wakadhani ananichukua kwa kunidekeza. Aliniambia maneno machache tu: "Nje sema Mtungi. Hili jingine ni la humu ndani, ndilo linalotulisha." Nikasema sawa. Nilijiona mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Mwalimu wa Kiingereza alihamia shuleni kwetu nilipokuwa darasa la sita. Nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, kamusi kwapani. Ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba nina kichwa. Wewe hujui neno hilo linamfanya nini mtoto anayekwepwa kwenye dawati kwa sababu ananuka samaki. Alianza kuniazima kamusi Ijumaa niirudishe Jumatatu, na Bibi akawa anaifunga kwenye kanga yake ya sikukuu isishike moshi. Akitusalimia njiani alimshika Bibi mkono kwa mikono miwili, "Shikamoo, Mama." Bibi akawa anampelekea sato wa kubanika kila mwisho wa wiki, wakubwa, wale ambao sisi wenyewe hatukuwala.

Ukakaribia wakati wa siku ya wazazi, Mwalimu akatangaza shindano la insha. Kila mmoja achague kilele au kilima anachokiona kutoka kwao, aeleze kwa Kiingereza maana ya jina lake na jinsi watu wanavyolitumia. Atakayeshinda ataisoma mbele ya wazazi na atapewa kamusi iwe yake moja kwa moja. Iwe yangu! Nilikosa usingizi.

Insha ya kwanza niliandika kuhusu Mtungi, yule mama wa maji. Mwalimu akairudisha na wino mwekundu: maana imeeleweka, lakini hili ni jina la kila mtu, je, wazee hawana jina jingine? Nilikaa na daftari lile siku mbili. Na hapa ndipo nilipojidanganya, ndugu yangu. Nilijiambia kwamba Bibi alinikataza kusema, na kuandika Kiingereza si kusema. Nani pale kijijini alikuwa anajua Kiingereza? Ni sawa na kunong'oneza ndani ya gunia. Nikaandika jina. Nikafungua kamusi, nikatafuta kutua, nikatafuta mtungi, nikatafuta kilele, nikaunga sentensi ndefu isiyoisha. Mwalimu akaikatakata, akabakisha maneno matatu, Pot Down Peak, akacheka na kusema hata Mwingereza asingeliwaza. Nilitembea kurudi nyumbani siku ile kama niliyevaa viatu vipya.

Lakini daftari lilirudi tena. Wino mwekundu: maana safi, matumizi hayatoshi. Wanalitumia wakiwa wapi? Wanatazama upande gani? Kuna kitu kingine wanachokiangalia? Nikajibu. Likarudi mara ya tatu: umbali gani hivi kutoka ufuoni, na mkono wa kushoto kuna nini? Nikajibu na hilo, nikachora na picha, jiwe jeupe nikaliacha bila rangi ili lionekane jeupe kweli. Nilidhani anasahihisha. Nilidhani ndivyo mwalimu anayekupenda anavyofanya, hakuachi mpaka kazi yako ikamilike. Kila swali lake nililipokea kama sifa.

Siku ya wazazi Bibi alivaa kanga ya sikukuu, akakaa benchi la mbele kwa sababu ya macho. Nikapanda jukwaani, nikaisoma insha yote, sauti juu, mikono nyuma. Wazazi hawakuelewa hata neno, walitikisa vichwa tu kwa heshima ya Kizungu. Nilipomaliza, Bibi alisimama akapiga vigelegele mpaka walimu wakacheka. Akaja mbele akanitunza ua alilochuma njiani. Mwalimu akanipa kamusi, na kumbuka hili, akampa Bibi mkono, kwa mikono miwili kama kawaida yake, akamwambia, "Mama, hongera. Umelea." Alikuwa ameshalisoma daftari. Alikuwa anajua kila kitu kilichomo, na alimtazama machoni mwanamke asiyeona vizuri.

Kuanzia hapo Bibi hakuchoka. Kila jioni tukichambua karanga: "Hebu nisomee Kizungu chako." Nasoma. Yeye anafuatisha vipande anavyoweza kuvishika, kwa ulimi wake wa Kikerewe, "podi dauni, podi dauni," anacheka mwenyewe. Jirani akipita aliambiwa asimame amsikilize mjukuu.

Likizo ikaingia. Asubuhi moja, jua halijakaza, tukaingia majini kama siku zote. Bibi na mimi tumeelekea ufuoni, mjomba ameelekea ziwani. Mtungi ukaanza kuteleza. Nikawa nasubiri utue nimfinye Bibi, mara mjomba akasimamisha kasia.

"Mama, mbele kuna watu."

"Watu gani? Mbona hatujafika?"

"Wamekaa kule kule tunakoelekea."

Nikageuka. Mitumbwi mitatu, mipya, na wanaume nisiowajua wanavuta nyavu za timba, zile za uzi wa plastiki zinazokamata mpaka vifaranga. Na kwenye kichwa cha mtumbwi wa karibu, ameelekea ufuoni kama inavyopasa mwonaji kukaa, alikuwa Mwalimu. Suruali ameikunja magotini. Mkononi ameinua daftari lililofunikwa gazeti, na jina langu liko juu ya gazeti hilo kwa mwandiko wangu.

Unajua nilifanya nini? Mtoto aliyefunzwa adabu anafanya nini akimwona mwalimu wake? Kabla akili haijafika, mdomo ulishafika.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba," akajibu, bila hata kushtuka. "Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu."

Mikono ya Bibi ilikuwa kiunoni mwangu. Nikaisikia inalegea, mmoja, halafu wa pili. Mjomba akaanza kutukana, akasema pale ni mahali pa baba yake. Mmoja wa wale wanaume akamjibu, "Ziwa lina hati, kaka? Ziwa la wote hili." Mwalimu yeye akawa anafunua ukurasa. Bibi akasema, "Turudi." Tulipokaribia kushuka aliniuliza, "Mwalimu wako amepajuaje?" Nikamjibu sijui.

Jioni akatandika mkeka kama kawaida, akamimina karanga kwenye ungo. "Nisomee Kizungu chako." Daftari alikuwa nalo Mwalimu, lakini insha niliijua yote kwa kichwa. Nikaisoma. Nilipomaliza akasema, "Sasa nisomee kwa Kiswahili."

Ee Mungu wangu. Nikaanza kubuni. Nikasema insha inaeleza kwamba shule yetu ni safi, tuna bustani ya maua, walimu wanatufundisha vizuri, tunaishukuru serikali. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, vidole vinamenya karanga.

"Na podi dauni ni nini?"

"Ni salamu, Bibi."

"Umeitaja mara saba. Salamu gani mtu anasalimia mara saba?"

Nikaangua kilio. Nikamweleza yote, kamusi, wino mwekundu, jiwe jeupe, picha. Nilitegemea kipigo, na wallahi nilikitamani, maana kipigo kina mwisho. Bibi hakuninyanyulia mkono. Aliuweka ungo chini, akakaa akiangalia mlango asiouona, halafu akasema taratibu, "Kumbe nilipiga vigelegele." Basi. Akaingia ndani.

Hakunisema tena, wala hakumwambia mjomba. Mjomba alikufa akiamini kuna mtu alitufuata kwa siri. Jumamosi iliyofuata Bibi alinichukua kama kawaida, nikadhani nimesamehewa, nikakaa mapajani pake nimeelekea ufuoni. Akanishika mabega akanigeuza. "Tazama ziwani," akasema. Akabaki yeye ameelekea kilele kwa yale macho yake ya ukungu, anakisia. Mimi nyuma yangu najua mtungi uko wapi, nasikia mgongoni kabisa kwamba bado, bado, sasa, na siruhusiwi kufungua mdomo. Alisema "Katua" kabla ya wakati. Nanga ikaingia kwenye matope. Tulirudi bure, na Jumamosi nyingine bure, na nyingine. Alikuwa radhi akose samaki kuliko kuyatumia tena macho yangu.

Hata hivyo wale wenye timba hawakuacha cha kugombea. Misimu miwili haikupita, mwamba ukawa mtupu, sato wazazi na watoto wote wameshavuliwa. Bibi akauza mtumbwi, akabaki na muhogo wake na macho yakafunga kabisa. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho nilimkalia kitandani wiki nzima nikisubiri neno. Alizungumza nami vizuri, akaniuliza habari za masomo, akanibariki. Lakini ile amri aliyonipa mtumbwini hakuifuta.

Kamusi ile ninayo. Usinicheke. Ndiyo iliyonifikisha nilipo. Kazi yangu ni ukalimani, nakaa nyuma ya kioo kwenye mikutano ya watu nikigeuza maneno yao upande huu na ule, na ndiyo sababu nilikuwa kwenye gari la semina lile. Nalishwa na Kiingereza alichonifundisha aliyetunyima samaki. Sijui nikuelezeje jinsi mtu anavyojisikia akishukuru na kuchukia kwa mdomo mmoja.

Asubuhi ya pili ya semina wageni walitangaziwa matembezi ya boti kwenda kuona kilele. Nikateremka gatini. Chini ya mwavuli wa majani, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi mzee mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali, anawapungia wageni fimbo. Mwenye hoteli. Nilimjua kabla sijamfikia, na nilijiapia nitapita kimya.

"Shikamoo, Mwalimu," mdomo ukasema.

"Marahaba, mama. Karibu sana. Umelionaje jina letu?"

"Zuri. Nani alilitoa?"

"Aa, Wazungu hao, wasafiri wa zamani." Alisema haraka, kama kitu alichokisema kila siku.

Nikamwambia mimi ni mjukuu wa nani. Nikamtajia darasa la sita, siku ya wazazi, daftari lenye gazeti. Nilisubiri, nakwambia ukweli, hata "pole" moja ningeipokea kwa mikono miwili. Akacheka kwa upole wake ule ule.

"Lakini si nilikupa kamusi?" akasema.

Boti lilikuwa linaita, nikaingia.

Boti lenyewe lina injini, viti vya sponji na makoti ya kuokolea. Ufuo sikuutambua. Mikeka ya dagaa haipo, wale wanaume wa kunung'unika hawapo, nyumba ya Bibi imekuwa mahali pa kuegeshea magari, na hakuna hata mtoto mmoja anayenuka samaki. Jina peke yake ndilo limebaki, la Kizungu. Lile la Bibi nadhani hapa duniani nalijua mimi tu, na sasa wewe.

Binti mwongoza wageni, mchangamfu, akatuambia sote tugeuke tuelekee ufuoni, tushike simu zetu tayari, kuna maajabu yanakuja. Boti zima likageuka. Watu thelathini waonaji, kila mmoja na simu yake. Mimi nikakaa kama nilivyokaa, uso ziwani, mikono mapajani. Maji yalikuwa yametulia. Nikasikia mgongoni kwamba bado, bado.

"Mama!" binti akaniita, anacheka. "Mama wa koti la bluu, unapitwa! Geuka haraka, chungu ndiyo kinatua sasa hivi!"

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nimekatazwa kugeuka."